Tulikunywa Kasiksi mu Kibuyu Moja

Mardi, usiku.

Miye mwenye nilishukaka mu mashimo yote ya Kamituga, leo escalier, ngazi ya kupanda kwa ba avocat, banasheria ya biashara, imenishinda. Magoti inawaka moto.

Maître, binti mupole, akaniuliza: «Papa, contrat yako na marehemu Zihindula juu ya shimo yenu ya zahabu iko wapi?»

«Tulikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, mu kibuyu moja, maître. Contrat gani inapita ile?»

Akacheka, akaandika. «Bila shahidi, batoto ba marehemu batabeba shimo yote.»

Shahidi mwenye angali muzima ni maman moja wa kijiji ya Miti, mwenye alitupikia ile kasiksi. Na yeye anaambiaka batu: «Ule muzee? Akisema jua imetoka, muchungule inje kwanza.»

Kesho nitaenda kumubembeleza. Nimechoka. Na hii mara, Mungu wangu, nilisema kweli.