Watatu Wenye Swali Moja

Wakesho, mke wa mwanangu, mdomo wako utatupotezea shamba. Nani alikutuma uwaambie wale wageni kwamba niko Voi? Wamenifuata hapa mtaani Kaloleni, daktari, bwana shamba na mtu wa maktaba, gari moja. Kila mmoja aliniuliza peke yake habari za mvua na magonjwa mimi huzipata kwa nani. Nikampa kila mtu jibu la kumpendeza. Kumbe baadaye walilinganisha madaftari, wakakuta majibu matatu tofauti, wakacheka. Nani huchoma petroli kwa ajili ya umbea tu? Hao wanapeleleza shamba letu, na hati yake haijatoka. Joto la huku linachachisha maziwa asubuhi. Wabusu wajukuu wangu. Jumatatu wageni hao wanarudi Wundanyi, kwako. Wape chai, na wote watatu uwajibu neno moja: mimi huambiwa na mama mkwe.