Meno Sita Mazima na Koleo la Kagio

Kianyaga, 9 Mei 1974

Kwako Mama Wachuka wa gazetini,

Sasa hivi tu, hata maji ya kuoshea vyombo hayajapoa, nimemnyang'anya mtoto wangu Mbula jiwe, na naandika haraka kabla hajarudi kulitafuta, ndiyo maana utaona mwandiko wangu unapanda na kushuka. Alikuwa amekaa mlangoni kimya, na wewe ni mama, unajua mtoto wa miaka minne akinyamaza kuna jambo, nikachungulia nikamkuta ameshika kile kijiwe changu cha kunolea kisu anakisugua kwenye meno yake ya mbele, kwaru, kwaru, mate yanamtiririka mpaka kifuani. Nikapiga kelele, "Wee Mbula! Unafanya nini?" Akanionyesha meno akicheka. "Nachonga, mama. Nataka kama yako."

Nilimkumbatia nikalia, halafu nikachukua kalamu ya mume wangu bila kumwuliza, kwa hivyo Mama naomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu hayo meno ambayo mtoto anayataka ndiyo baba yake amesema yang'olewe.

Mimi naitwa Nduku, nimesoma mpaka darasa la tano, kwetu ni Kitui, na nilipokuwa msichana wa miaka kumi na miwili nyanya yangu alinipeleka kwa mama mmoja aliyejua kazi hiyo akanichonga meno manne ya juu kwa kapatasi kadogo, mpaka yakawa na ncha, kwa sababu wakati huo kwetu msichana ambaye hajachongwa walisema ana mdomo wa ng'ombe na kwenye ngoma hakuna wa kumtazama. Niliumia lakini sikulia, na nyanya alinichinjia kuku. Mume wangu Kioko ni wa huko huko kwetu, mama yake mzazi amechongwa vile vile, na aliponitaka alikuwa bado anasomea ualimu, akawa ananiandikia barua, niko nazo mpaka leo ndani ya sanduku, na moja inasema ati nikicheka ni kama mtu amefungua dirisha asubuhi. Hayo ni maneno yake, si yangu.

Sasa amekuwa mwalimu mkuu hapa Kianyaga. Mwezi wa pili kulikuwa na siku ya wazazi, mimi nikawa nagawa chai, mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Muriithi, akaleta mzaha wake nami nikacheka kama mtu yeyote, na hapo mke wake Ngendo akamgusa mume wangu begani akasema watu wote wasikie, "Mwalimu! Kumbe unafuga simba nyumbani! Hajakuuma bado?" Watu wakacheka. Hiyo sikujali sana, mimi na wanawake wa hapa tunataniana kila siku, hata mimi nimewaambia mambo. Lakini niligeuka kumtazama Kioko anijibie, na Kioko alikuwa anacheka pamoja nao, anacheka mpaka anapangusa macho.

Tangu siku hiyo nyumba imebadilika, wageni wakikaribia ananiambia "na ule mdomo," maana yake niufunge, na kanisani naweka leso mdomoni kama mtu ana kikohozi, na wimbo ninaoupenda nauimba kwa pua. Miezi mitatu sasa. Kisha wiki iliyopita alikwenda Kagio siku ya soko akarudi amefurahi kama mtu aliyepata ng'ombe wa maziwa, ati amepata fundi wa meno, mtu anakaa nyuma ya maduka na ubao umechorwa meno makubwa, na wamekubaliana nipelekwe Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, nitolewe meno sita ya juu kwa siku moja, nitengenezewe ya bandia meupe yaliyonyooka, ili siku ya harambee ya kuchangia darasa jipya mwezi wa saba mke wa mwalimu mkuu awe mtu wa kuonekana.

Nikamwambia, "Baba Mbula, yaliyochongwa ni manne. Hayo mengine mawili yamekosa nini?"

Akasema, "Fundi anasema bandia haikai vizuri hayo ya pembeni yakiwepo."

"Na huyo fundi ameniona wapi?"

"Nimemweleza."

Amemweleza! Kama mtu anavyomweleza seremala mlango umeliwa na mchwa. Na jino langu moja la chini ambalo limelalia mwenzake, fundi amesema atalitoa siku hiyo hiyo, ati huko ndiko kunyoosha. Nilisikia moto hapa kifuani lakini nilikuwa nimempakata mtoto nikanyamaza.

Mama, meno haya hayajaoza. Natafuna muwa wa kwetu na wa hapa, nakata uzi nikishona, nafungulia hata kamba ya gunia. Ni moja tu hunishtua nikinywa maji baridi ya asubuhi, halafu linaacha. Si kama Baba Mbula, yeye maskini ana gego moja la chini limetoboka, kila mwezi linamshika, anakaa na kitambaa shavuni hata mtoto haruhusiwi kuimba, namwekea karafuu, nampa maji ya chumvi, namwambia twende hospitali, hataki, ati daktari wa pale ana mkono mzito.

Na hayo ya bandia nimeyaona. Jirani yangu Tryphosa, mke wa Mwalimu Wandera, alitolewa ya mbele miaka mitatu iliyopita, na mwanzo yalimkaa vizuri tukamsifu, lakini sasa yanacheza, akikaza wimbo kanisani anayashika kwa ulimi, na siku moja tukila githeri ya mahindi na maharagwe yalianguka ndani ya sahani yake, na yeye ni mtu wa maneno, akasema, "Msiogope, hayo hayali sana." Tulicheka. Baadaye alinifuata jikoni akaniambia polepole, "Nduku, mimi yangu yalikuwa yameoza. Wewe unang'oa nini?"

Lakini nisikudanganye Mama Wachuka, hata mimi natamani. Natamani kucheka mbele ya Ngendo bila kufikiria, na nimesikia ati kuna madaktari wanaweza kuongeza jino juu ya jino, au kulivalisha kitu, sijui ni kweli au ni hadithi za watu, na Kioko nikimwuliza anasema njia ni moja tu, kung'oa. Leo nilimwambia Mbula, "Haya ya mama ni meno mabaya, usiyatake," akanitia kidole mdomoni akagusa ncha moja baada ya nyingine, akasema, "Mazuri. Kama ya paka." Sasa mimi nimfundishe nini mtoto huyu, na nifanyeje na hiyo Jumamosi, maana yeye ndiye mwenye nyumba na tayari amempa mtu neno lake, na sitaki vita, nataka tu, ngoja namsikia anaita huko nje, amekuja na Bwana Muriithi na wazee wa kamati, anasema Mama Mbula lete chai, halafu anashusha sauti, na ule mdomo, Mama Wachuka wewe niambie tu ukweli, mimi nikikataa nita

*

Mama Wachuka anajibu:

Mama Mbula, barua yako ilinifikia hivyo hivyo, imekatwa katikati kama kamba, na chini yake mwandiko mwingine: "Amenipa nitie posta, ameogopa kuimalizia. Hata mimi nataka jibu. Tryphosa." Basi nawajibu nyote wawili, na nitasema kwa sauti.

Kwanza jiwe. Liweke mahali Mbula hafiki, leo, kabla hujamaliza kusoma. Ile ngozi ngumu ya nje ya jino ikisuguliwa haioti tena, na meno ya utoto ngozi yake ni nyembamba. Ukiona yamekwaruka sana au anakataa maji baridi, nenda naye hospitali.

Sasa wewe. Mimi si daktari, kwa hivyo nilifunga ofisi nikaenda hospitali ya serikali Nyeri kumwuliza daktari wa meno, nikamsomea barua yako. Aliniuliza neno moja tu: "Yanamwuma?" Nikamwambia moja, kwa maji baridi. Akasema, "Basi aje nilitazame hilo moja. Na hayo mengine aje nayo yote, asiache hata moja Kagio."

Umesikia? Njia si moja. Jino zima lililochongwa linaweza kuachwa kama lilivyo, na hiyo ni njia. Linaweza kujazwa ncha kwa dawa nyeupe inayoganda, ambayo daktari huifinyanga mpaka jino lifanane na mwenzake, ingawa huweza kumeguka na kutengenezwa tena, na muwa utaulia upande. Linaweza kupunguzwa kidogo na kuvalishwa kofia ngumu, kazi ya siku nyingi na ya mtu aliyesoma, na jino likishapunguzwa halirudi lilivyokuwa, kwa hivyo usiikimbilie. Kung'oa na kuweka bandia ni kwa jino lililokufa, ambalo halina la kufanyiwa tena. Na lile la chini lililolala halinyooshwi kwa koleo! Meno huvutwa kwa nyaya, taratibu, miezi na miezi, na kama halikuzuii kula wala kupiga mswaki hakuna aliyekwambia lazima lisimame wima kama askari. Mtu anayenyoosha jino kwa kuling'oa ni kama mtu anayetibu kichwa kwa panga.

Na hili fundi hakumwambia mumeo: jino likitoka, fizi na mfupa wake hudidimia. Ndiyo sababu meno ya Tryphosa yanacheza. Tryphosa dada yangu, bandia yako inaweza kutiwa tabaka jipya kwa ndani ishike fizi, ipeleke hospitali, na usiikwangue mwenyewe kwa kisu, najua umeshajaribu.

Nduku, sasa nakugombeza. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomwambia mumeo hapana. Hakuna. Umemwuliza maswali mazuri, ukanyamaza, ukasikia moto, ukapika chai. Yeye anajuaje? Na miezi mitatu ya leso, mtoto alikuwa anakutazama. Wewe mwenyewe ulimwambia ni meno mabaya. Mwenye miaka minne ndiye peke yake katika nyumba hiyo aliyeyagusa moja moja kabla ya kuyahukumu, na wewe ukambishia!

Kutamani si kosa. Ukitaka yajazwe, yajazwe, uko na haki ya kutaka kitu kizuri mdomoni mwako. Lakini utake wewe, kwa daktari aliyekuchungulia na taa, si kwa sababu ya mzaha wa Ngendo. Ngendo alitania, na ulisema mwenyewe kwamba mnataniana. Siku nyingine mjibu, "Simba huyu anachagua nyama, mama, usiogope." Kilichokuumiza si Ngendo. Ni kicheko cha mwenye barua zilizo ndani ya sanduku.

Basi wewe Mwalimu Kioko, najua gazeti hili linafika shuleni kwako. Mama yako mzazi ana meno hayo hayo. Alikutafunia chakula ukiwa hujaota la kwanza. Ungemkalisha yeye mbele ya koleo la Kagio? Ulimcheka mke wako mbele ya kamati nzima, kisha ukaenda kupima mdomo wake kwa maneno, sokoni, kwa mtu asiyemjua hata jina. Aibu hiyo haiko kwenye meno yake.

Nduku, fanya hivi. Toa ile barua ya dirisha, iweke juu ya meza anapokula, usiseme kitu mpaka aisome. Halafu sema, "Sing'olewi jino zima. Kagio siendi." Maneno matano. Akisema amempa fundi neno lake, mwambie neno ni lake, meno ni yako, na akalirudishe neno hilo mwenyewe. Wiki hiyo hiyo, siku ya kazi, kabla Jumamosi hiyo haijafika, nendeni wote wawili hospitali Nyeri, Mbula abaki na Tryphosa. Wewe utaonyesha lile linaloshtuka. Lakini wa kwanza kukaa kwenye kile kiti ni yeye, kwa sababu katika nyumba yenu jino bovu ni moja tu, na unaliwekea karafuu kila mwezi. Daktari anasema gego lililotoboka likiwahiwa huzibwa, likicheleweshwa ndilo hung'olewa. Mshike mkono. Mkono wa daktari si mzito, nimeupima mimi mwenyewe kwa gego langu.

Na wageni wakija tena, peleka chai, simama katikati ya nyumba yako, useme "Karibuni" kwa mdomo wote.

Uliniandikia, "mimi nikikataa nita," ukaitwa. Naimalizia mimi: ukikataa, utakula muwa.