Alama ya Pasi kwenye Gitaa la Nyuzi Tano

Chumba cha mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa shemeji,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Mke wako hajambo? Kifua chake kimepoa? Watoto wanakula vizuri? Huku tu wazima. Mgongo unauma kama kawaida, lakini zege bado nabeba. Mpwa wako mzima, kazi yake ya kushona sare bado anayo.

Kuandika si kazi yangu, unajua. Niliishia darasa la nne. Lakini simu yangu hupokei, basi soma.

Unakumbuka nilichokueleza. Binti yangu aliitwa kujaribiwa kwenye kundi la roki, ile nzito, ya kelele. Ni wasichana watatu, mpiga ngoma wao wanamwita Nyundo. Walitaka mtu wa besi, lile gitaa la sauti nzito, na besi iwe ya nyuzi tano, maana nyimbo zao zinashuka chini sana. Besi yake ikishindwa kushuka, wanachukua mwingine. Tangu mama yake afariki sijamwona akitaka kitu kama alivyotaka hiki.

Nikatafuta. Jumamosi tatu nazunguka maduka ya vitu vilivyotumika, mimi na fundi redio, jirani yangu. Magitaa mapya sikuyagusa, bei zake zinang'ata. Fundi redio akanifundisha: usitazame rangi, tazama shingo. Ikiwa ndefu na imenyooka, ule uzi mnene unakaza na kunguruma. Tukapata moja. La kahawia, sura mbaya, kitufe kimoja hakipo. Binti akalichomeka kwenye spika, akapiga uzi mnene, vioo vya duka vikatetemeka. Muuza duka akasema, "Hilo, mzee, haliolewi kwa sura. Linaolewa kwa tabia."

Ningelichukua siku ile. Kosa langu, nikakupigia simu. Kwenye ukoo mzima wewe ndiye mtu wa muziki. Ukasema, "Shemeji, achana na takataka hiyo. Rafiki yangu ana la nyuzi tano, kali kwa roki, atakuachia kwa bei ya kindugu." Nikaliacha, nikakutumia hela. Jumamosi iliyofuata lile la kahawia lilikuwa limeshakwenda na mtu.

Lako likaja kwa basi, siku moja kabla ya majaribio. Jeusi, linang'aa kama kiatu cha askari. Nikalishika kama ninavyoshika mbao. Nikafumba jicho moja, nikaitazama shingo kutoka mwisho. Imepinda. Na nyuzi zimebanana kama watu watano kwenye benchi la watu wanne. Nikakupigia. Ukacheka. "Wewe ni mtu wa zege, shemeji. Besi si mbao ya kupaulia. Lazima ipinde kidogo."

Miaka ishirini na sita nachagua mbao za kumwagia zege kwa jicho hili, halijanidanganya hata siku moja. Siku hiyo nikaliacha jicho langu, nikaamini mdomo wako.

Binti akaenda, akarudi mapema. Uzi mnene ulilegea, ukawa unagongagonga shingo. Nyundo akamuuliza mbele ya wenzake, "Dada, hiyo kamba ya kuanikia nguo umeifungua uwani kwa nani?" Wakampa wiki mbili tu, arudi na besi inayoshuka. Hakulia. Aliweka gitaa kitandani, akaenda kuosha vyombo ambavyo nilishaviosha.

Sasa sikiliza. Pale mkono wake ulipolalia, jasho lilibandua rangi. Chini ya ule weusi nikaona alama ya kuungua. Umbo la pasi, ncha yake imekatika. Nikakaa kwanza. Halafu nikainama chini ya kitanda, nikatoa pasi ya marehemu dada yako.

"Baba, unalipiga gitaa pasi?"

"Napima."

Ikakaa pale kama mguu kwenye kiatu chake. Ncha iliyokatika juu ya ncha iliyokatika.

Siku ile unaijua kuliko mimi. Ulikuwa unakaa kwetu, unalala sebuleni. Dada yako alikuwa anakunyooshea shati, akaweka pasi juu ya gitaa lako bila kuangalia. Wewe ulinuna siku tatu, yeye akacheka siku tatu. Na gitaa hilo alikununulia yeye, kwa kufua nguo za watu. Lilikuwa la nyuzi nne.

Kwa hiyo rafiki hakuna. Ulitoboa tundu la tano, ukapachika kikazio cha uzi, ukapaka rangi, ukaniuzia.

Shida ningeielewa. Ungesema umekwama, ningekutumia bila gitaa. Ungesema, mpe mpwa wangu, ni jasho la mama yake, tungelipokea kwa mikono miwili, hata likiwa bovu. Wewe umechukua zawadi ya dada yako, ukamuuzia mwanawe kwa uongo. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Nilidhani wanasemwa watu wengine.

Fundi redio amelirekebisha. Aling'oa kikazio chako, tundu nikaliziba mwenyewe kwa gundi na unga wa mbao. Akakaza chuma kilichomo ndani ya shingo, ikanyooka. Kisha akaleta nyuzi mpya za besi ya nyuzi tano, akafunga zile nne nene, ule mwembamba akauacha. Kumbe roki nzito inataka chini, juu haina haja napo sana.

Jana binti alirudi kwa Nyundo. Mimi nilibaki nje, nimeegemea ukuta. Ukuta ulitetemeka, ukanipa jibu mgongoni kabla hajatoka mtu. Wamemchukua.

Nilitaka kulipaka rangi upya. Binti akakataa. Asubuhi hii alikaa mlangoni na msasa, akaikwangua rangi yako yote. Alama ya pasi sasa iko wazi, mbele. Ukija kumtazama akipiga utaiona, hata ukikaa nyuma kabisa.

Msalimie mke wako, yeye hana kosa. Wasalimie watoto, hasa yule Kidevu. Mama mkwe nimemwambia tu kwamba gitaa limefika. Mengine utamwambia wewe.

Mungu akupe afya, na akupe uso wa kuja.

Wako, ninayekupenda bado kwa ajili ya dada yako,

Shemeji yako, mbeba zege.