Blanketi la Bi Halina Ukutani

Shangazi Odette, shikamoo. Nakusikiliza redioni kila asubuhi nikipika kahawa, na leo zamu ya kuchekwa ni yangu, naomba unisaidie. Tunaishi Worcester, ghorofa ya tatu, na mwenye nyumba wetu, Bi Halina, mjane wa Kipolandi, anakaa chini kabisa, na sina baya la kusema juu yake, kila Jumamosi ananiletea pierogi za moto, zile sambusa zao za kuchemsha, binti yangu Colette anamwita bibi, kwa kweli tunaishi raha mustarehe. Sasa theluji ya mwaka huu imeganda barafu ukingoni mwa paa, maji yakakosa pa kupita yakaingia ndani, yakateremka ukutani chumbani kwa Colette, ukuta ukaota ukungu mweusi, nami nikaona haya kumwambia mama wa watu, nikapaka rangi, ukarudi, nikapaka tena, ukarudi, mwisho nikachukua blanketi la viraka ambalo Bi Halina mwenyewe alimshonea Colette nikalitundika pale pale. Jumamosi akapanda, akaliona, akashika kifua.

"Umelitundika kama picha ya mtakatifu!"

"Ni zuri mno, mama, si la kujifunika kitandani," nikasema, Mungu anisamehe.

Akalia kwa furaha, na sasa anashona jingine la ukuta wa pili! Mume wangu Gil ananicheka: "Nyamaza tu, atashona hadi paa." Lakini Colette ameanza kukohoa, na nikisema, naogopa Bi Halina ataona tunamlaumu, atutoe, na nyumba kama hii hatupati tena. Nifanyeje?

Noreen, Worcester

Marahaba, Noreen mwanangu. Nimecheka mpaka nilipofika kwenye kikohozi, kicheko kikaniishia. Mtoto anavuta ukungu, wewe unaona haya? Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeyafunika kwa blanketi la viraka!

Sikiliza. Paa ni la mwenye nyumba. Maji yakitoka juu, kuyazuia ni kazi yake, na ukuta uliolowa ni wake pia. Hawezi kuziba asichokijua, na kadiri unavyonyamaza ndivyo mbao zake zinavyooza. Lakini na wewe usijifanye malaika. Nawajua watu wa huku: baridi ikianza tu mnabandika nailoni madirishani kuzuia upepo, mnaikaza kwa mashine ya kukaushia nywele, halafu mnaanika nguo jikoni na feni ya bafuni mmeizima. Mvuke uende wapi? Huo ni wako. Washa feni, nguo zitoe jikoni, na dirisha la Colette libandue nailoni ulifungue kidogo kila siku.

Leo hii mhamishie Colette chumbani kwenu, na kikohozi kisipokwisha mpeleke kwa daktari. Piga picha ukuta umtumie Bi Halina, pasije pakawa na ubishi baadaye. Kisha shuka mwenyewe, usimtume Gil na mizaha yake. Mwambie, "Mama, paa linavuja, nami nilikuficha." Atakufokea kwa Kipolandi, mvumilie, una haki ya kufokewa. Kukutoa kwa kuwa umesema paa linavuja, sheria haimruhusu, na moyo wake ndio kabisa.

Na hilo blanketi lifue, likauke vizuri, umrudishie mtoto kitandani. Bi Halina alilishona limfunike Colette, hakulishona lifunike ukuta.