Samaki Hana Njaa

Alhamisi, jioni

Wamemlisha tena. Nimerudi kutoka sokoni nikakuta bukari, ugali wa jana, inaelea ndani ya bokali, ile chupa ya kioo anamoishi, maji meupe kama ya kuoshea mchele, na samaki wangu mwekundu juu kabisa, kinywa wazi.

Nilimweleza mama mkwe, kwa mara ya ngapi sijui: anatafuta hewa, si chakula. Bokali ni ndogo, makombo yanaoza, hewa inakwisha, basi anazidi kufungua kinywa.

“Mwana wangu, minye siwezi kula mbele ya mwenye anafungua kinywa,” alinijibu. “Mu hii nyumba hakuna muntu analalaka na njala.”

Wageni wake nao hufanya vile vile. Ni wema mtupu. Wema unaugombeza namna gani?

Nimembadilishia maji niliyoyalaza kwenye ndoo tangu jana. Kesho yatachafuka. Beseni kubwa bwana wangu hataki, eti litaharibu sura ya salon tunamopokelea wageni. Samaki hatafika Jumapili.

Bwana aliporudi kutoka kazini nilimwambia hata mimi nakosa hewa humu, miaka mitatu kwa mama yake, kwamba siku moja nita...

Alinitazama kwa huruma kabisa.

“Ulishakula?”