Siku Niliyokwenda Mbinguni Nikarudi kwa Basi

Karakana ya Mahema, Mlango wa Nyuma,
S.L.P. 318.

Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama itakukuta umelala basi ikuamshe taratibu. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema likikunjwa linalia kama mlango usiotiwa mafuta. Baba Mapacha je, mafua yamemwachia? Na mapacha wenyewe, bado wanagombania dirisha au wameshakua?

Sisi huku ni wazima, tunashukuru. Ila mimi situlii. Tangu asubuhi nakaa nainuka, nakaa nainuka. Nimefagia chumba mara mbili na vumbi lenyewe halikuwepo. Mwandiko nisamehe, shule niliiacha mapema kama unavyojua, na kalamu haijanizoea kama sindano.

Najua unasubiri nini. Unasubiri jibu la ile kazi ya kushona huko kwenu, miaka miwili, chumba bure, ila mtoto haruhusiwi. Ulisema wanataka jina kabla mwezi haujaisha. Jibu limo humu humu, lakini nikilitoa bila kukueleza yaliyotokea wiki hii utasema nimechanganyikiwa.

Pale karakana siku hizi hatushoni mahema tu. Kuna kampuni ya kurusha wageni kwa puto, yale maputo makubwa kama nyumba, yenye kapu la watu chini na moto wa gesi katikati. Kingo za makapu yao zilikuwa zimechubuka, wakaagiza mikunjo ya ngozi yenye sponji ndani, ili watu waegemee bila kuumia. Hiyo kazi nimeishona mimi, Shangazi, mimi peke yangu, kwa ile cherehani ya ngozi isiyomtaka mtu mwingine. Ilipokwisha Msimamizi akauliza nani ataipeleka akaifunge. Nikasema mimi kabla hajafika mwisho wa swali. Nyayo zilikuwa zinaniwasha.

Ni saa sita kwa basi na kulala huko siku mbili. Nikajiambia, hapa ndipo pa kujipima. Chiriku wangu ana miaka mitatu na nusu na hajawahi kulala bila mimi. Kama siku mbili zitanishinda, hiyo miaka miwili nitaibebea wapi? Mama, wifi yako, akanisukuma mlangoni. "Nenda mwanangu. Hata huko kwa wifi yangu nenda, mimi na mjukuu wangu tutaweza."

Basi nilikwenda. Alhamisi nilishinda uwanjani kwao, napima, nafunga kamba, nafungua, nafunga tena. Rubani alikuwa anapita nyuma yangu anaminya ngozi kwa kidole gumba kama anayenunua parachichi. Alasiri akaniita.

"Fundi, una kilo ngapi?"

"Sijapimwa tangu kliniki ya mtoto."

"Kesho alfajiri mgeni wangu mmoja haji, tumbo limemshika. Kapu litalala upande. Nipakie mifuko ya mchanga au unapanda wewe?"

Nikamwambia mchanga haujui kuegemea, nani atamwambia kama kazi yangu ni nzuri? Akacheka, akaandika jina langu.

Jioni nikapiga simu nyumbani kumwambia mama. Weee! Alilia mpaka nikajuta. Halafu nikamsikia Chiriku kule nyuma anauliza mama yuko wapi, na mama anamjibu huku anavuta kamasi, "Mama yako kesho anakwenda mbinguni, kuangalia jua likitoka." Nikacheka. Unamjua mama, kwake kila kilicho juu ya bati ni mbinguni.

Sasa nikueleze hiyo alfajiri. Tulifika uwanjani giza bado limeshika. Puto lilikuwa limelazwa chini kama shuka la jitu, wakalipulizia hewa kwa feni, kisha Rubani akawasha moto. Moto ule unanguruma, Shangazi! Puto likaanza kuinuka kidogo kidogo, kama mtu mnene anayeamka. Tuliingia kapuni watu saba. Mimi niliwekwa na mama mmoja mtu mzima na mume wake, wageni wa mbali, na yule mama alinishika mkono kabla hatujaondoka. Sijui nani alikuwa anamshika nani.

Hakuna kuruka. Nilingoja kurushwa kama kwenye bembea, nikaangalia chini nikaona watu wanazidi kuwa wadogo. Basi. Tumeshaondoka.

Na huko juu hakuna upepo. Nilishangaa. Nilikuwa nimefunga kitambaa cha kichwa mafundo mawili, lakini hakikutikisika hata pindo, maana upepo unakwenda nao, ndio umekubeba. Moto ukizimwa unasikia kila kitu cha chini. Nilisikia mbwa, nikasikia ndoo ikigonga, nikasikia mwanamke anamgombeza mtoto avae viatu, maneno yote, kama yuko chumba cha pili. Hakujua kama tuko juu ya kichwa chake.

Jua lilitupata sisi kwanza. Hilo ndilo sitalisahau. Sisi tulikuwa tumeshaangazwa usoni, wekundu wote, na chini bado paa za watu zina giza. Nikasema moyoni, kumbe jua lina foleni.

Nilimuuliza Rubani tunashukia wapi. Akasema, "Mimi najua kupanda na kushuka tu. Kwenda ni kazi ya upepo." Alisema hivyo kama anayetaja bei ya sabuni! Mimi hapo roho juu. Nataka kushuka, na papo hapo nataka upepo usiishe, utuvushe ile milima, tuone kuna nini nyuma yake, na nyuma ya hiyo tena. Nikawaza kwenu. Nikawaza hicho chumba bure na mashine mpya na mshahara wenye jina langu. Shangazi, sitakuficha. Kama robo saa nzima sikumkumbuka Chiriku. Nilipomkumbuka nilishtuka kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Kushuka kwenyewe ni vituko. Rubani alituambia tukunje magoti tushike kamba, kapu likagonga chini, likaruka, likagonga tena, likalala ubavu shambani kwa mtu. Tukabaki tumelaliana kama viatu kwenye gunia. Yule mume wa mama mtu mzima alikuwa ameangukia uso kwenye ile ngozi niliyoshona. Akasema, "Laini." Hiyo ndiyo sifa niliyopata.

Simu yangu ilikuwa imekufa. Nilipiga picha arobaini na zote ni za jua. Nikasema potelea mbali, leo hii hii nipo nyumbani. Nikapanda basi.

Nilifika saa kumi na moja jioni. Naingia uani kwetu, naona viti. Viti vya plastiki, vingi, na watu wamekaa wameshika tama. Shangazi, msiba kwetu! Nikajua ni mama. Halafu nikamwona mama amekaa katikati, kichwa kimefunikwa kanga, nikajua basi ni Chiriku. Nikatupa mzigo. Wa kwanza kukutana naye ni yule Fundi Viatu wa pale kona. Nikamshika shati.

"Nani? Niambie, nani amekufa?"

Alinitazama mdomo wazi.

"Ni wewe."

Hapo sasa! Muuza chai aliachia chupa. Kuna waliokimbia, kuna waliopiga kelele, mama aliinuka akakaa akainuka, akaja akanipapasa uso kama anayetafuta kifungo gizani, kisha akanichapa kofi la mgongo ambalo bado linauma. Chiriku peke yake ndiye hakushangaa. Alikuwa chini ya kiti anakula biskuti za msiba wangu. Akasema, "Nimewaambia mama anarudi. Wao wanalia tu." Halafu akauliza nimemletea nini.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ile mama alikwenda kliniki, ile anayosema ni ya miguu, akamwacha Chiriku kwa Msusi, jirani yetu wa ukuta mmoja. Msusi alikuwa hajui safari yangu. Akamuuliza mtoto mama yuko wapi.

"Amekwenda mbinguni."

"Nani kasema?"

"Bibi. Bibi alilia."

"Lini, mwanangu?"

"Leo asubuhi. Kuangalia jua."

Msusi alimwacha mteja na nusu ya kichwa. Akapiga simu yangu, haipatikani. Ya mama ilikuwa inaita ndani ya nyumba. Kufika saa sita mchana mtaa mzima unajua. Na mama yangu maskini anarudi na karatasi zake za kliniki, anakuta watu mlangoni wanamwambia pole kwa binti yako. Yeye ndiye pekee aliyejua kama nimepanda puto. Angefikiri nini? Alijua limeanguka. Tangu saa sita mpaka saa kumi na moja alikuwa na mtoto aliyekufa, Shangazi. Nikifikiria hilo kicheko kinakatika.

Watu waliondoka na viti vyao wakicheka. Fundi Viatu akajitia busara, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja," Msusi akamrushia kitana.

Sasa ndiyo nafika kwenye jibu.

Jana Msusi alinisuka bure, kama fidia. Mikono yake ilikuwa mizito, nikajua ana jambo. Mwishowe akasema, usimwambie mama yako kama nimekwambia. Kumbe pale kwenye viti, wakati watu wanaulizana mtoto atalelewa na nani, mama alisema mbele yao wote: "Mimi nilimdanganya mwanangu. Nilimwambia nitaweza kulea. Siwezi. Daktari amenikataza hata kubeba ndoo." Msusi akamuuliza, si ni miguu tu? Mama akasema si miguu. Ni moyo. Ana miezi minne anakwenda kliniki ya moyo na sisi anatuambia ni miguu.

Nilikaa pale na nusu ya kichwa nimeshindwa hata kugeuka.

Kwa hiyo, Shangazi wangu, siji. Mpe mwingine hilo jina. Sijui kama umeelewa jinsi nilivyotaka kuja. Nilishaanza kukunja nguo kichwani. Hata leo nikisikia basi linapiga honi barabarani nainuka. Lakini siwezi kumwachia mtu mwenye moyo mgonjwa mtoto anayekimbia kama kishada, na siwezi kumwacha yeye mwenyewe.

Matumaini ninayo, usinionee huruma. Rubani ameagiza ngozi za makapu manane mengine, na Msimamizi ameahidi kuniweka kwenye ngozi moja kwa moja. Na siku ukisikia kazi huko inayokubali mama na mtoto na bibi yake, andika jina langu kabla hujanipigia.

Ila nina ombi moja, na ni zito. Mama asijue kama najua. Nikimwambia nabaki kwa ajili yake atajiona yeye ndiye gogo barabarani, na atafanya ukaidi abebe ndoo mbili mbele yangu ili nione anaweza. Unamjua wifi yako. Naomba Jumapili ijayo ukimpigia, umwambie nafasi imejaa. Sema wamechukua mwingine, sema wamefunga, wewe ndiye unayejua kupanga maneno. Najua hupendi uongo. Nami sipendi, lakini yeye amenidanganya miezi minne kwa kunipenda, acha na mimi nimlipe mmoja tu. Dawa zake nitazijua polepole. Msusi ameahidi kumchokonoa.

Atanipa simu, lazima. Usinipe pole sana, nitaharibu. Wewe sema tu bahati haikuwa yetu. Mimi nitajifanya nimesikitika ili aamini. Wala sitahitaji kujifanya sana.

Nisalimie Baba Mapacha, mwambie ale tangawizi. Nisalimie mapacha wote wawili, asiachwe mmoja akanuna. Msalimie na yule binamu yangu Mrefu kama bado anakuja kula Jumamosi. Mama anakusalimu sana. Chiriku naye anakusalimu wewe, Bibi wake wa Mbali, ameniamuru niandike kwamba yeye hakulia.

Mungu akulinde unakokanyaga, akupe usingizi mzuri na goti tulivu, na siku moja atukutanishe tukiwa wote tumetimia.

Ni mimi mwanao wa kwa kaka yako, nikupendaye bila kipimo,

Mama Chiriku