Baba, Kahawa Alichechemea

Baba,

Nakuamkia kwanza, usije ukasema umezaa mtoto asiye na adabu. Sisi ni wazima. Ni miezi minne tangu tukuzike, na Mama bado anakumiminia chai kila asubuhi. Mimi nawahi kuinywa ili asiione imebaki. Nyundo yako, tupa ya kulainishia kwato na ile aproni ya ngozi ninazo mimi. Aproni inanifika miguuni kama gauni, na watu wa boda hapa Makindye wananicheka kweli. Wacha wacheke.

Sasa nina neno. Ukitaka kukasirika kasirika, mimi mwenyewe nimekukasirikia.

Wiki ya pili ya kufanya kazi peke yangu nilimvisha Kahawa viatu, yule farasi jike uliyempenda kuliko sisi wanao. Ulinifundisha kuusikiliza msumari: ukipita kwenye ukwato mgumu unalia kwa ukali, ukikaribia nyama ya ndani sauti inakuwa nzito. "Macho yanadanganya, tumia sikio," ulisema mpaka nikachoka. Siku hiyo, Baba, nilikuwa nakulilia. Nimeubana mguu wake katikati ya magoti, machozi yananitoka, napiga tu. Sikusikia chochote. Nikamaliza kwa tupa, viatu vikakaa vizuri, nikarudi nyumbani najisifu.

Siku ya tatu nikapigiwa simu kwamba Kahawa hakanyagi chini. Nilimkuta mwenye banda, yule mama wa Ntinda, amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akasema kama mguu umeoza hatamwacha ateseke, atamwambia daktari wa mifugo ammalize. Mungu wangu! Akaniuliza Kahawa amepatwa na nini. Ningeweza kusema amekanyaga jiwe, na wallahi maneno yalishafika mdomoni. Nikamwambia kwa heshima, "Nyabo, ni mkono wangu."

Niling'oa misumari mmoja mmoja. Wa nne ulitoka na usaha. Daktari alipanua tundu, akatupa siku chache tuone. Nikashinda pale siku tano, nauloweka mguu kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, naufunga kitambaa safi, namwomba radhi. Bambi, maskini wa Mungu, hata teke hakunipiga.

Ni siku hizo Okello, mtunza farasi, aliponiuliza, "Kwani mzee hakukuambia?"

Basi nikayajua. Miaka yote sita niliyofanya kazi nawe, kila nikivisha farasi viatu, asubuhi yake ulikuja pale kabla sijaamka. Ulimtembeza kwenye saruji ukisikiliza hatua zake. Ukiona anaogopa kukanyaga, uling'oa msumari wangu ukapiga wako. Ukawaapisha wote wa bandani wasiseme. Na sisi nyumbani ulituambia umechelewa msikitini! Mimi huku naringa kwamba farasi wangu hata mmoja hajawahi kuchechemea.

Nilikasirika, Baba. Mbona hukunionyesha makosa yangu? Ulinifanya nijione fundi, kisha ukaondoka, na gharama nusura ailipe Kahawa. Nilikusema peke yangu mle bandani mpaka Okello akatoka nje. Halafu nikakumbuka goti lako bovu, na ile baridi ya alfajiri, na wewe kwenye boda kwa ajili ya msumari wangu mmoja. Hasira ikanishinda kuishika. Nililia nimemkumbatia Kahawa shingoni.

Siku ya sita aliweka mguu chini. Kidogo, kisha wote. Yule mama alimtazama muda mrefu, akasema mguu ukipona kabisa nimvishe mimi tena, si mtu mwingine. Jana nimemvisha. Nilimwomba Okello azime redio, nikasikiliza kila msumari kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwao.

Na leo alfajiri nilifika bandani mlango haujafunguliwa. Nikamtoa Kahawa kwenye saruji, nikafumba macho, nikamtembeza huku na huko. Miguu minne, Baba, sawasawa.

Nakuahidi sitamvisha farasi kiatu nisirudi asubuhi yake, hata mvua inyeshe, na nikikosea nitasema mwenyewe. Mungu akulaze pema. Nakupenda, mzee wangu mwongo. Lala sasa, usiamke tena. Asubuhi hizi nimezichukua mimi.

Binti yako.